Mwaka Nilioosha Madigadi Newala

"Newala? Utayaosha kwa mate?" Hivyo ndivyo alivyoniuliza fundi mkuu wa gereji moja ya Masasi nilipomwambia kwamba napanda Newala kufungua mahali pa kuoshea magari. Vijana wake walicheka mpaka mmoja akaangusha spana. Mwalimu mmoja mstaafu, niliyemwamkia shikamoo kwa heshima zote, aliitikia marahaba kisha akasema kwamba mtu mwenye stashahada ya ufundi wa magari kupiga magoti chini ya tairi la mchuuzi wa korosho ni kuiaibisha shule iliyomfundisha. Muuza chai wa stendi hakusema mengi. Alimimina chai, akalitazama sanduku langu, akamwambia mteja mwingine kana kwamba mimi sipo, "Sanduku hilo halitafunguliwa. Kesho kutwa ataligeuza." Sitaji majina yao kwa sababu wapo ambao bado wanaishi, na kwa sababu wote watatu, kwa nyakati tofauti, wamewahi kuleta magari yao au ya watoto wao kwenye gereji yangu. Niliwahudumia vizuri. Sikuwakumbusha neno.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu mwezi uliopita tulimzika Rashidi Mchopa. Rashidi alikuwa mwenye nyumba wangu mwaka ule. Yeye ndiye aliyelikata jino langu la mbele, nami ndiye niliyemvunja mtulinga, na kwa miaka yote iliyofuata tulisalimiana kwa kichwa tu, kila mmoja akiwa upande wake wa barabara. Nilipofika msibani, nikiwa bado nafunga mlango wa gari, nilisikia wanaume waliokaa kwenye mkeka wakisemezana. "Huyo ndiye Diploma." "Yule aliyemvunja marehemu bega?" "Ndiye. Na kaja na gari ya maana." "Ana moyo." Sikugeuka. Nilikwenda moja kwa moja makaburini, nikapokea jembe kwa mtu aliyechoka, nikafukia udongo mpaka shati likanigandia mgongoni. Udongo wa Newala ni uleule, mwekundu, mwepesi, unaoingia puani hata ukiufukia taratibu. Huenda hakuna mtu katika mkutano ule aliyeujua udongo ule kama mimi, kwa maana nimeula, nimeutema, nimepigwa kwa ajili yake, na ndio ulionitajirisha.

Ulikuwa wakati soko huria limeingia kwenye korosho. Shirika la umma nililokuwa nalifanyia kazi Dar es Salaam lilikuwa limeuzwa, nasi mafundi tukaambiwa kila mtu akajitafutie. Wenzangu wengi walibaki mjini wakizunguka na bahasha za vyeti. Mimi nilirudi kwetu kusini, kwa sababu nilisikia kwamba wanunuzi binafsi wanapanda Newala kila msimu na magari madogo ya mitumba, na fundi hufuata magari yalipo. Nililoliona pale hakuna mwingine aliyeliona. Magari yale, hasa yaliyotengenezwa kwa ajili ya nchi za baridi, hayakuwa na plastiki tupu ndani ya madigadi. Ule uvungu ambamo tairi linazunguka ulikuwa umevikwa zulia, gumu kama blanketi la jeshi, la kupunguza kelele za mawe. Huko yalikotoka lilikuwa jambo zuri. Newala, zulia lile lilikuwa likinywa udongo mwekundu asubuhi mpaka jioni. Baada ya msimu mmoja lilivimba, likaanza kukwaruza tairi, bati la nyuma yake likaanza kuliwa na kutu, na gari la tajiri likanuka kama zizi. Masasi waliyaosha magari hayo nje, wakapaka matairi rangi nyeusi, wakachukua hela. Ndani ya madigadi hakuna aliyeingiza hata kidole. Mimi niliingiza kichwa.

Chumba nilichopanga kwa Rashidi kilikuwa uani, cha ukuta wa udongo, na ukuta wenyewe haukufika darini. Maneno yalipita juu yake kama moshi. Nilikuwa na kitanda cha kamba, godoro la sufi, na stashahada yangu niliyoitundika juu ya kitanda ndani ya fremu ya kioo. Mama Zainabu, mke wa Rashidi, alinipikia kwa makubaliano: ugali wa muhogo na kisamvu, siku nyingine mbaazi, na kiangazi kilipokaza akachemsha ming'oko, ile mizizi ya porini, tukaimenya kwa vidole na kuila na chumvi. Rashidi mwenyewe alikuwa mchotaji wa maji. Alikuwa na baiskeli ya chuma aliyoifunga madumu mpaka huoni magurudumu, akateremka nayo hadi mabonde ya upande wa Kitangari, akaipandisha kwa kuisukuma, na jioni alirudi miguu ikitetemeka, chumvi ya jasho imemkauka usoni. Sehemu ya maji aliuza, sehemu aliingiza kwenye mtungi wake mwenyewe. Hakuzungumza wakati wa kula. Alikunywa kwanza, kata moja, taratibu, macho ameyafumba, na sisi wote tulisubiri amalize.

Mtu asiyeishi kule juu hawezi kuelewa maji yalikuwa nini. Bomba lilitoa siku lilipopenda. Wenye paa za bati na matangi ya ardhini walikuwa wakubwa, na kufuli la tangi lilikuwa zito kuliko la duka. Lakini watu walikopeshana, na kukopeshana kwenyewe kulikuwa na sheria ambayo haikuhitaji mzee wa kuisimulia, kwa kuwa kila mtoto aliijua. Maji yaliyokopwa kiangazi yalirudishwa kiangazi. Ukisubiri mvua inyeshe ndipo upeleke ndoo yako, umemtukana mwenye maji, maana siku ya mvua kila mtu ni tajiri. Mtu wa namna hiyo hakukopeshwa tena hata kijiti cha kiberiti, aliitwa mwizi mbele ya watoto wake, na hakukuwa na mtaa ambao ungemvumilia. Mimi niliijua sheria hiyo. Nikakopa hata hivyo, kwa akina mama wa mtaa mzima, ndoo kwa ndoo, na kwa Mama Zainabu zaidi kuliko kwa wote, kwa sababu yeye alitaka nisihame. Kodi yangu ndiyo iliyokuwa ikimsomesha Zainabu. Alinipimia mchana, Rashidi akiwa bondeni, kisha jioni nilisikia juu ya ukuta:

"Mtungi umeshuka."

"Joto hilo, Baba Zainabu."

"Joto halinywi ndoo nzima."

"Basi mimi nimekunywa. Niandikie kosa."

Ukafuata mlio wa kata ikigonga sakafu ya mtungi.

Mteja wangu mkubwa wa kwanza alikuwa mnunuzi kutoka Dar ambaye kila mtu alimwita Bonge. Alikuwa na gari jeupe la kifahari na wabebaji wawili wa magunia waliokaa kiti cha nyuma kama walinzi. Niliyafungua matairi yote, nikayang'oa mazulia ya madigadi kwa bisibisi, vibanio vya plastiki vikiruka huku na huku, nikayaloweka kwenye beseni na sabuni ya unga. Hapo ndipo nilipoujua udongo wa kwetu. Mchanga ukipata maji ndani ya zulia haushuki. Unageuka tope, tope linazama kwenye nyuzi, na kadiri unavyomimina ndivyo zulia linavyokuwa zito. Nilimaliza ndoo za mtaa mzima, maji yakitoka mekundu mpaka ndoo ya mwisho. Bonge alikuwa na haraka. Niliyarudisha mazulia yakiwa mabichi, nikayabana, nikapokea ujira wangu, na gari likaondoka linang'aa kama limetoka dukani.

Kwenye mteremko wa kwenda Masasi zulia la mbele lilishindwa kujibeba. Lilikatika kwenye vibanio, likaangukia tairi, likajiviringisha, moshi ukatoka, tairi likapasuka, na gari likaingia mtaroni ubavu. Siku iliyofuata Bonge alirudi kwa lori lake, uso na mkono vimechanwa na kioo, ameshika zulia lenyewe mkononi kama mtu aliyeshika nyoka aliyemuua.

"Diploma ni nani hapa?"

"Mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba," akaitikia, kisha akanipiga nalo usoni. Tope lililokauka ndani yake lilikuwa zito kama tofali. Nilipoanguka, wabebaji wake waliendelea na miguu. Mmoja alikuwa na buti za mvua, na bado naikumbuka soli yake ilivyoandikwa mistari, kwa kuwa ilishuka kwenye mbavu zangu mara nyingi na kila mara niliiona ikija. Watu walisimama pembeni. Nilimsikia mwanamke akisema, "Mwacheni, ana maji yetu huyo," na hata katika hali ile nilielewa kwamba hakuwa akinihurumia mimi. Bonge alinirushia zulia kifuani, akasema siku nyingine atanifunga nalo shingoni, akaondoka.

Nililala chumbani mpaka niliweza kuvuta pumzi bila kushika ubavu. Chakula kilikuja, maji hayakuja. Mtaa ulikuwa umefunga mikono, na hata Mama Zainabu alinitazama akatikisa kichwa tu. Wengi hapo wangegeuza sanduku. Mimi nilitoka nje, nikaliona zulia la Bonge limetupwa kwenye ua, limekaushwa na jua la kutwa nzima mpaka limekuwa gome. Nikachukua fimbo ya mkorosho niliyokuwa nikiiegemea kama mkongojo, nikalipiga. Nililipiga kwa hasira ya mbavu zangu, na kwa bahati nililipiga mgongoni, upande unaogusa bati. Vumbi lililotoka lilinifumba macho. Nikalitundika kwenye kamba, nikalipiga tena mgongoni, na mchanga ukamwagika chini kama mtama unaopurwa, mpaka rangi ya kijivu ambayo lilitoka nayo kiwandani ikaonekana. Nililigeuza nikajaribu kulipiga usoni, mchanga ukarudi ndani. Kwa hiyo siri ikawa hii: likaushe mpaka lilie ukilikunja, lipige mgongoni tu, lisugue kwa kumbi la nazi kufuata nyuzi, mwisho kabisa lifute kwa kitambaa kilichokamuliwa. Madigadi yote manne ya gari hayakumaliza ndoo moja. Hakuna aliyenionyesha. Hakuna kitabu cha chuo kilichoandika jambo hilo, maana waliotunga vitabu hawakuwa na udongo wa Newala. Nimekwisha kuwafundisha vijana wengi kazi hiyo, na leo gereji za Masasi zinaifanya kama vile zilizaliwa nayo.

Msimu ulikuwa umechacha. Bei ilishuka asubuhi na kupanda jioni, mizani za wachuuzi zilidanganya, na wakulima walikuwa wameanza kujibu kwa mikono. Magari yaliyonifikia yalikuwa na alama za mapanga kwenye milango. Gari moja lilitoka Chilangala kioo cha nyuma hakipo. Dereva aliniambia kwamba wakulima waliikagua mizani, wakakuta jiwe limefungwa chini yake, wakamtoa bosi wake garini kwa kumvuta miguu, naye dereva akaondoa gari katikati ya watu ili wasilichome. Nilipolivuta zulia la digadi la kulia nilikuta mkanda wa kandambili umenaswa kwenye vibanio, na damu iliyoshikana na vumbi ikawa kama lami. "Amekufa?" nikamuuliza. "Mguu tu," akasema, "mguu wa mzee mmoja. Piga zulia, kaka, tuondoke." Nikalitundika, nikalipiga. Watu wanaodhani kuosha magari ni kazi ya mapovu na taulo hawajawahi kuona mahali pangu pa kazi mwaka ule. Kutwa nzima ni mlio wa fimbo, na waliokuwa wakipita walinitazama kama mtu anayemuadhibu mtoto asiyeisha makosa.

Kazi ilikuwa imeshamiri, lakini deni la maji lilikuwa palepale, na mbingu upande wa Ruvuma zilianza kufanya weusi kila jioni. Hela nilikuwa nazo. Maji ya kununua hayakuwepo: bomba lilikuwa limekauka kabisa, na wachotaji waliwauzia wakubwa kwanza. Nilikuwa nalihesabu hilo jioni moja, nimekaa na sahani ya ming'oko magotini, niliposikia baiskeli ya Rashidi ikibwagwa uani. Alikuwa ameanguka bondeni na kumwaga madumu yote. Aliingia na kiu ya siku nzima, akafunua mtungi, akakuta tope la chini. Na jirani mmoja, kwa wema au kwa ubaya, alikuwa amekwisha kumwambia njiani maji yake yalikokwenda.

"Ndoo ngapi?" nikamsikia.

"Atarudisha, Baba Zainabu."

"Nakuuliza ndoo ngapi. Mimi nasukuma baiskeli mlima mzima natapika nyongo, wewe unamwogeshea Bonge matairi?"

Kilichofuata hakikuwa maneno. Nilisikia mnyororo. Rashidi alikuwa ameuvua mnyororo wa akiba kwenye baiskeli, na sauti ya chuma kwenye nyama ni sauti ambayo sikio likiisikia mara moja halihitaji kuambiwa. Mama Zainabu hakulia. Alikuwa akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Zainabu, toka nje. Zainabu, toka nje." Niliusukuma mlango kwa bega, na fimbo yangu ya mazulia ilikuwa mkononi. Rashidi aligeuka na mnyororo ukanikuta mdomoni. Niliitema nusu ya jino, nikampiga. Nilimpiga kama nilivyojizoeza kupiga, kutoka juu, kwa mikono miwili, na mtulinga ukavunjika chini ya fimbo kwa mlio mkavu kama muhogo. Alipiga magoti. Hata akiwa amepiga magoti alinirukia kwa mkono mzima, akanishika koo, tukaangusha chungu cha mbaazi kwenye mafiga na kubingirika juu ya makaa. Watu walitutenganisha kwa kutuvuta miguu. Mama Zainabu alikuwa amesimama ukutani, damu inamchuruzika sikioni, akatutazama wote wawili kwa chuki iliyo sawa.

"Vizuri," akasema. "Mmoja kamaliza maji, mwingine kavunjika bega. Sasa bondeni atakwenda nani?"

Swali lile lilinikaa kuliko jino. Mpaka leo, watu wakinisifu kwa kumtetea, mimi hulisikia hilo swali. Nilifanya nilichopaswa kufanya na ningekifanya tena, lakini nyumba haikunywa ushujaa wangu. Rashidi alifungwa bega hospitali akarudi, akakaa kibarazani, mkono kifuani, na hakunifukuza. Nilidhani ni woga. Siku moja nilimsikia akimwambia jamaa yake juu ya ukuta, "Akiondoka na deni, nitamdai nani? Acha akae. Mvua ikimkuta hajalipa, mtaa wenyewe utanisaidia."

Wachotaji wenzake hawakusubiri mvua. Walikuja mahali pangu pa kazi mchana, wamesukuma baiskeli zao kama askari wa farasi walioshuka, wakalipasua beseni langu, wakakata kamba za mazulia. Mmoja, mrefu, mwenye shati la shule lililochanika, aliniuliza, "Wewe uliyesoma, tufundishe: mtu anayekula maji ya watu halafu anamvunja mchotaji, anaitwaje?" Nikamjibu anaitwa fundi. Nakiri lilikuwa jibu baya, lakini ndilo nililokuwa nalo. Wakaja wote pamoja. Niliegemeza mgongo kwenye gari la mteja nisipigwe nyuma, nikashika mpini wa jeki, na tulipigana mpaka mimi na mrefu yule tukabaki tunapigana kwa kuegemeana, hatuna nguvu ya kuinua mikono. Nilikatwa sikio na mnyororo. Yeye alipoteza fahamu kidogo. Alipozinduka alitema mate mekundu, akasema, "Bado unadaiwa," akaichukua baiskeli yake. Alikuwa sahihi, na mimi nilikuwa nimekwisha kujua hivyo kabla hajasema.

Asubuhi iliyofuata, nikiwa bado natoa damu sikioni, lori la Bonge lilisimama. Gari lake jeupe, lililokuwa limenyooshwa Masasi, lilikuja nyuma yake. Alishuka, akaniangalia uso, akacheka kwa pua. "Nani kakupiga vizuri kuliko mimi?" Nikamwonyesha zulia lake, lile alilonirushia, limetundikwa, la kijivu, limeshonwa palipochanika. Alilishika, akalinusa, akalikung'uta, halikutoa hata punje. Alikaa juu ya gunia kutwa nzima akinitazama nikiyapiga yale mengine matatu, nikiyabana yakiwa makavu, nikilikimbiza gari kwenye mashimo yeye akiwa kando yangu, na hakuna kilichotingishika. Mwisho wake alitoa noti.

"Sitaki hela," nikamwambia. "Malori yako yanashuka Masasi na korosho. Yanapanda na nini?"

"Yanapanda matupu. Kwani?"

"Yapande na mapipa ya maji. Kila gari lenu nitakalolisafisha, pipa kwa gari, yajazwe huko chini."

Alinitazama kana kwamba nimepigwa kichwani zaidi ya ilivyoonekana. "Watu wananililia hela, wewe unanililia maji. Unaoga mara ngapi?" Lakini alikuwa mtu wa hesabu. Pipa la maji chini lilikuwa halimgharimu kitu, na wenzake wote walikuwa na mazulia yanayonuka. Tulishikana mikono, na mkono wake ulikuwa na kovu la kile kioo cha mteremkoni. Nikayapiga mazulia ya magari yao yote mfululizo, viganja vikachubuka, ngozi ikashikana na fimbo, na kila nilipoinua kichwa niliangalia upande wa Ruvuma, ambako weusi haukuwa tena wa jioni peke yake.

Lori lilipanda mchana wa jua kali lenye unyevu, ile hali ambayo nzi wanang'ang'ania uso. Mapipa yalikuwa yamefungwa kwa mazulia mabovu yasimwagike. Nilituma neno mtaani, na akina mama wakaja, kila mmoja na chombo kilekile alichonikopeshea, ndoo iliyobonyea, sufuria isiyo na mkono, debe la mafuta, kwa kuwa deni la maji hupimwa kwa chombo chake. Hawakuamini macho yao na hawakuniamini mimi. "Kunywa kwanza," akasema wa kwanza, mwanamke mkubwa aliyewahi kusema niachwe kwa sababu nina maji yao. "Tujue si ya kuogeshea magari." Nikakunywa mbele yake. Wa pili akadai vivyo hivyo, na wa tatu, na wote. Nilichota, nikanywa, nikajaza, nikachota, mpaka tumbo likaniuma na vijana wa lori wakawa wananicheka kwamba nitawamalizia. Yule mchotaji mrefu alikuja na dumu la mama yake. Hakunisalimia. Alisubiri ninywe, akalibeba, akaondoka. Juu yetu jua lilikuwa limekwisha kufunikwa, na upepo ukageuka baridi.

Pipa la mwisho nililibingirisha mwenyewe hadi kwa Rashidi. Alikuwa kibarazani, mkono kifuani, na hakuinuka. Mama Zainabu alitoa ndoo yake ya bluu, akaitua katikati yetu, akakaa mbali. Nilijaza ndoo, nikaimimina mtungini, nikajaza tena, yeye akihesabu kwa midomo. Hesabu ilipotimia bado pipa lilikuwa na maji mengi, nami nikainama kuongeza, kwa ajili ya siku zote ambazo Rashidi hakuweza kwenda bondeni.

"Hapo hapo," akasema Rashidi. "Hayo mengine kaogeshee magari. Mimi nataka yangu."

"Chukua tu, Baba Zainabu."

"Nimesema nataka yangu." Alichota kata kwa mkono wake mzima, akaijaza mpaka pomoni, akaninyooshea. "Kunywa."

Tumbo lilikuwa limejaa na jino lililokatika liliuma likiguswa na baridi. Nikanywa kata nzima, macho yangu kwenye macho yake, nikaigeuza aone imekwisha. Yeye akachota ya pili, akafumba macho, akanywa taratibu kama alivyokuwa akinywa siku zote. Tulisubiri amalize.

"Mama Zainabu," akauliza, "anadaiwa?"

"Hadaiwi, Baba Zainabu."

"Haya, Diploma. Huna deni nyumbani kwangu. Sasa toa godoro lako."

Niliishusha stashahada ukutani, nikaitia kwapani, nikajitwika godoro, nikatoka. Tone la kwanza lilinipiga kabla sijafika kwenye geti la jirani, zito, la joto, kisha yakaja mengine, na vumbi la barabara likaanza kuruka kama linapigwa fimbo. Watu wote walikuwa wamesimama milangoni kwao. Ningeweza kukimbilia chini ya paa lolote. Nilitembea katikati ya barabara, taratibu, godoro likinywa maji kichwani, ili kila mmoja wao aone kwamba mvua imenikuta nimekwisha kulipa.